Uzio wa mbao huku pwani: angalia kiini kabla ya jina la mti

Uzio wa mbao huku Tanga hauozi kuanzia juu, wala hauozi kuanzia kule chini kabisa ya shimo. Unaoza palepale nguzo inapokutana na ardhi, kiganja kimoja juu ya udongo na kiganja kimoja chini yake. Chukua bisibisi ya kawaida, nenda kwenye uzio wowote ulioshapita masika kadhaa, piga magoti, fukua udongo kidogo kwenye nguzo afu chomeka. Nguzo nzima itaikataa bisibisi, utaumia mkono tu. Ile iliyooza bisibisi inazama mpaka karibu na mpini, na ukichomoa inatoka na unga wa kahawia wenye majimaji, unanuka uyoga. Na hapo juu nguzo hiyohiyo bado iko vizuri kabisa, ukiigonga inalia, rangi haijabanduka, mwenye nyumba anapita kila siku anajua ana uzio. Kusi ikikaza siku moja unalala wote chini, ndo watu wanasema upepo ulikuwa mkali.

Kwanini pale? Kuvu wanaoozesha mbao wanataka chakula, maji na hewa. Chakula ni mbao yenyewe. Ukienda chini sana kwenye udongo hewa inakuwa haba, ukipanda juu jua na upepo vinakausha, lakini hapo kwenye usawa wa ardhi maji yapo na hewa ipo, karibu mwaka mzima, na joto letu halipungui kiasi cha kuwasumbua kuvu. Mchwa nao wanapanda kupitia hapohapo, wanajenga vile vinjia vyao vya udongo juu ya nguzo au wanaingia kwa ndani kabisa usiwaone. Kwahiyo mtu akiniuliza anunue mbao gani ya uzio, mimi kwanza namuuliza ni mbao ya sehemu gani ya uzio, maana nguzo ina kazi yake na mbao za juu zina kazi yake, na pesa yako ya mbao nzuri inatakiwa iende kwenye nguzo.

Watu wengi wanailaumu hewa ya bahari, na hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo chanzo cha maamuzi mengi mabovu. Hewa yetu ina unyevu kweli, mara nyingi asilimia 75 mpaka 80. Lakini mbao iliyowekwa kibarazani, hainyeshewi, haigusi chini, inatulia kwenye unyevu wa asilimia 15 au 16 hivi ya uzito wake mkavu, na kuvu hawaanzi kazi mbao ikiwa chini ya asilimia 20, wanastawi inapokaribia 30 na kupita. Ndomana milango ya zamani ya Pangani na Mji Mkongwe bado ipo. Hewa yenye unyevu haiozeshi mbao yenyewe, inachofanya ni kuichelewesha kukauka. Dodoma mvua ikikata, jua la kesho yake linamaliza kazi. Huku kwetu masika, mbao inalowa usiku, mchana kunakuwa na mawingu, kabla haijakauka inalowa tena, na inakaa hivyo kuanzia Machi mpaka Mei, bado vuli haijaja. Uzio wa pwani unaishi au unakufa kutokana na muda unaobaki na maji ndani yake.

Sasa twende kwenye mbao zenyewe. Ukifika yadini ukauliza mbao gani inadumu nje utatajiwa mvule, mninga, mkongo, msaji (yaani mtiki). Wanaokutajia hawakudanganyi, hizo ni mbao ngumu kuoza kweli. Tatizo ni kwamba uimara haupo kwenye mti mzima. Mti ukiwa hai, ile sehemu ya nje chini ya gome ndo inayopandisha maji na kutunza wanga na sukari, rangi yake huwa nyeupe au njano iliyopauka, hiyo ndo tunaiita weupe. Kadiri mti unavyokua, sehemu ya ndani inakufa taratibu na mti unaijaza mafuta na kemikali chungu ambazo kuvu na wadudu hawazipendi, rangi inakolea, hicho ndo kiini. Kiini cha mvule kinakaa miaka. Weupe wa mvule ni chakula tu, kuvu wanaula sawasawa na wanavyokula paini. Wazungu wana mpangilio wao wa kupima uimara wa mbao, EN 350, daraja la 1 mpaka la 5, la 1 ndo imara zaidi. Kiini cha mkongo kipo daraja la 1, cha msaji wa asili nacho la 1 ila wa kupandwa unaweza kushuka mpaka la 3, mvule uko kati ya la 1 na la 2. Lakini weupe wa mti wowote ule duniani, hata wa msaji, unahesabiwa daraja la 5 moja kwa moja. Yaani unaweza kulipa bei ya mvule ukaondoka na daraja la 5.

Kwahiyo usiangalie ubavu wa nguzo peke yake, angalia kichwa chake, pale ilipokatwa. Na kama kimejaa vumbi au kimepigwa rangi mwambie akikate kidogo uone mbao mpya, fundi anayejiamini hakatai. Mvule utaona kiini cha njano kwenda kahawia, kikikaa hewani kinazidi kukolea, alafu pembeni kuna mkanda uliopauka ambao unaweza kuwa mpana hata vidole vitatu, mpaka wake unaonekana wazi. Kama nguzo yako ya inchi 4 kwa 4 kona zake mbili ni weupe, maana yake hizo kona zitaliwa kwanza, na ukubwa utakaobaki udongoni siyo ule uliolipia. Msaji kiini chake kina rangi ya dhahabu iliyochomwa kidogo, ukipitisha kidole kwenye mbao iliyotoka kupigwa randa unahisi mafuta, na una harufu yake ya ngozi iliyotengenezwa, ukishaizoea hauipotezi. Mkongo mwekundu wa kahawia, mzito, ukiubeba unajua. Mninga mwepesi kuliko huo na hautanuki sana wala kusinyaa, ndomana maseremala wanaupenda kwa milango na vitanda, lakini weupe wake bungua wanautoboa haraka sana, unakuta vishimo na unga mweupe chini.

Mvule una jambo moja ambalo mafundi wa msumeno wanalijua, ndani ya gogo kunaweza kuwa na mawe, mawe ya kweli, ni chokaa ambayo mti wenyewe umeijenga ndani ya mbao kuzunguka kidonda. Meno ya msumeno yanakwisha hapo. Haipunguzi uimara wa nguzo, ila ukiona sehemu nyeupe ngumu inang'aa kama mfupa usidhani ni ugonjwa.

Msaji ndo mbao ambayo binafsi ningeiweka kwenye nguzo za uzio wangu kama hela ipo, na sababu siyo uimara peke yake. Mvule na mkongo tunavikata porini, vinachukua miaka mingi sana kufikia ukubwa, na tunakata kuliko inavyoota. Mwaka 2022 kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kule Panama, jamii ya mkongo na jamii ya mninga za Afrika zote ziliingizwa kwenye orodha ya pili, yaani biashara yake ya kimataifa sasa inasimamiwa kwa vibali. Ni dalili kwamba hali siyo nzuri. Msaji siyo mti wa kwetu kwa asili, kwao ni India, Myanmar, Thailand na Laos, lakini umepandwa hapa tangu enzi za Mjerumani na sisi wa Tanga tuna shamba la serikali la Longuza hapo Muheza, kuna Mtibwa kule Morogoro, kuna mashamba ya Kilombero. Ni mti unaopandwa, unavunwa, unapandwa tena. Dhamiri inatulia.

Ila msaji nao una mtego wake siku hizi. Watu wengi wamepanda kwenye mashamba yao na wanavuna ukiwa mchanga, maana ada za shule haziwezi kusubiri, nawaelewa kabisa. Mti mchanga kipande chake kikubwa ni weupe, na hata hicho kiini kidogo kilichopo hakijakomaa kama cha mti wa miaka 30. Anayeuza anasema msaji, na kweli ni msaji, lakini ukikagua kichwa unaona kiini cha upana wa yai na kilichobaki chote ni rangi ya krimu. Hiyo usiizike ardhini. Itakufaa kwa mbao za juu, au fanya samani.

Kuna mbao nyingine ambazo zinatajwatajwa, nazipitia haraka. Mnazi tunao kila mahali na ubao wake wa nje ni mgumu sana, lakini ugumu na kudumu ni vitu viwili, mnazi ukizikwa bila dawa unaoza mapema. Mvinje nguzo zake zimenyooka na bei poa, kwa kujengea jukwaa la muda sawa, udongoni hapana. Mianzi isiyotiwa dawa ikigusa udongo usitegemee ipite miaka mitatu. Boriti za mikoko watu wananiambia mbona zimekaa kwenye nyumba za mawe miaka yote hiyo, ni kweli, lakini zile zipo juu darini, zimefunikwa, pakavu, hiyo siyo kazi moja na kusimama kwenye tope. Tena mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali, na ukanda wetu unaihitaji isimame palepale ilipo. Walioko milimani, Lushoto kule Shume na Magamba, wana mwangati, Kenya wanauita mtarakwa, nguzo zake za uzio zina sifa kubwa ya kudumu na ni sifa ya kweli, ila huo nao ni mti wa asili unaokua polepole, kwahiyo kama jirani anang'oa uzio wa zamani wa mwangati, zinunue hizo nguzo, kata sehemu iliyoliwa, zilizobaki bado zina maisha.

Haya, na mbao za dawa? Wengi wetu hela ya msaji uliokomaa hatuna na mbao iliyojaa sokoni ni paini kutoka Mufindi na mikaratusi. Paini bila dawa kwenye udongo wa pwani ni kupoteza hela. Paini iliyotiwa dawa vizuri inaweza kuishi kuliko mvule wenye weupe. Neno ni vizuri. Dawa inayotumika sana ni ile ya kijani, ina shaba, kromu na aseniki, na kazi yake inafanyika ndani ya tanki: mbao iliyokauka inaingizwa, hewa inavutwa kwanza itoke, alafu dawa inasukumwa kwa presha mpaka ndani. Kuna wanaochovya tu kwenye pipa au kupaka kwa brashi, rangi inatokea ileile ya kijani, na yadini unaletewa zote kwa jina moja, mbao ya dawa. Zitenganishe kwa kukata. Omba kipande, kikate katikati, siyo mwishoni maana mwishoni dawa huingia yenyewe. Kama kijani ni mstari mwembamba kama ukucha na ndani ni mbao nyeupe, hiyo imechovywa, tumia juu kabisa mbali na ardhi au iache.

Na hapa kuna jambo linawachanganya hata mafundi wazuri. Kwa mbao isiyo na dawa tunakimbia weupe, tunataka kiini. Kwa mbao ya dawa ni kinyume chake, weupe ndo unaokunywa dawa, kiini hakiingii kitu. Kwahiyo nguzo ya mviringo ya mkaratusi au paini, ambayo weupe umeizunguka pande zote, ikitiwa dawa kwa presha inakuwa na ngozi nene ya dawa kila upande, ndo sababu nguzo za umeme zinaachwa mviringo. Ukiichana hiyo nguzo iwe ya mraba baada ya dawa umefungua mlango. Ukilazimika kuikata urefu, upande uliokata uwe juu, upande wa kiwandani uende shimoni, na pale ulipokata paka dawa tena.

Naomba sana kuhusu vipande vinavyobaki. Hiyo aseniki ni sumu na haiondoki kwa moto, inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Marekani waliacha kuiweka kwenye mbao za majumbani tangu mwisho wa mwaka 2003. Mimi naona bado ina kazi yake kwenye nguzo iliyozikwa, lakini mtu asipikie maharage kwa vipande vya nguzo za kijani, wala kuchomea mahindi, na majivu yake yasiende kwenye mchicha. Mwambie fundi, mwambie na dada anayewasha moto, maana yeye anaona kuni kavu tu. Vikusanye uvizike mbali na kisima.

Oili chafu nayo nimeshaulizwa. Inakaa juujuu, inazuia maji kidogo miezi ya kwanza, mchwa wanaweza kuchelewa, alafu mvua inaiosha inaingia ardhini. Haimfikii kuvu aliye ndani na inaharibu udongo wako mwenyewe. Kuchoma ncha ya nguzo mpaka iwe nyeusi ni hivyohivyo, makaa yenyewe hayaozi lakini yana nyufa na chini yake mbao ipo vilevile.

Sasa hesabu, maana watu wanaogopa wakisikia msaji. Chukua uzio wa mita 50, nguzo kila mita 2.5, ni nguzo 21. Kila moja inchi 4 kwa 4, urefu futi 8, jumla yake ni nusu mita ya ujazo. Mbao za kusimama na zile za kulala, uzio ukiwa na kimo cha mita moja na nusu na umeacha nafasi kati ya mbao, zinafika karibu mita 2 za ujazo. Yaani nguzo ni kama sehemu moja ya tano ya mbao zote. Weka kiini kwenye hiyo moja ya tano na paini ya dawa kwenye zilizobaki, uzio unakuwa imara pale unapohitaji uimara, gharama inabebeka, na msitu wa asili haujaguswa. Uzio wote wa mvule kuanzia chini mpaka juu kwangu mimi ni ubadhirifu, mbao ya juu ambayo inalowa na kukauka haihitaji mti wa miaka mia. Na kabla hujapakia gari ulizia TP, hati ya kusafirishia mazao ya misitu, mbao isiyo na karatasi usichukue hata kama bei inavutia.

Ujenzi wenyewe sitauelezea wote, nasema yale yanayohusu maji. Shimo liwe na kokoto chini, nguzo isikalie zege, maana zege lililozunguka nguzo na kufunga chini linakuwa kikombe. Likizunguka tu ubavuni, juu lipande kidogo kuliko udongo na liinamie nje. Nguzo ya futi 8 izame futi 2 na nusu hivi. Kama una uwezo, usiizike nguzo kabisa, zika kiatu cha chuma cha galvanaizi kwenye zege na ufunge nguzo juu yake kwa bolti, iwe imeachana na ardhi vidole vitatu. Hiyo peke yake inaweza kuizidi tofauti ya mti na mti. Kichwa cha nguzo kikatwe mshazari au kivishwe kofia ya bati, kwasababu maji yanaingia kwenye kichwa cha mbao haraka mara nyingi zaidi kuliko ubavuni. Mbao za kusimama ziishie vidole vinne juu ya ardhi, na mbao zisilaliane bapa kwa bapa, pale katikati hapakauki hata kiangazi. Misumari iwe ya galvanaizi, na ukiwa karibu kabisa na bahari skrubu za stenlesi, kwasababu msumari wa kawaida unaliwa na chumvi na kwenye mvule na msaji unaacha michirizi myeusi inayotiririka mpaka chini.

Rangi sina shauku nayo. Msaji una mafuta, rangi haishiki vizuri, na vanishi kwenye jua letu inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayana pa kutokea. Iache mbao igeuke kijivu. Kijivu ni jua na mvua vimegusa ngozi ya juu kabisa, ukipitisha randa mara moja chini unakuta rangi yake ileile.

Kwa ambao uzio ushajengwa na bisibisi imeshaanza kuzama, usibomoe wote. Kabla ya masika fukua kila nguzo, toa udongo na majani yaliyorundikana, hamisha maua yanayomwagiliwa yaliyopandwa pembeni yake, paache pakauke. Nguzo iliyolainika nje tu na ndani ikakataa bisibisi inaweza kusubiri mwaka. Iliyozama kabisa, ikate juu ya sehemu iliyooza, juu mbao bado nzuri, chimba utoe kisiki, mimina zege na kiatu cha chuma, irudishe palepale kwa bolti mbili.